Kwato Zinawaka, Lakini Nani Kawasha Moto?

Ukisikia laminaitisi, ule mkia wake unakuambia moja kwa moja: inflamesheni. Gastraitisi, hepataitisi, tumezoea hivyo. Kwenye mtihani ukiulizwa matibabu, mkono unakimbilia dawa za kupoza inflamesheni. Hebu tusimame kidogo hapo.

Ndani ya kwato ya farasi kuna lamela, vikunjo vyembamba vilivyoshikana kama meno ya zipu. Ndizo zinazouning'iniza mfupa wa mwisho wa mguu. Zikilegea, uzito wa mnyama unausukuma mfupa chini. Maumivu yake ni makali kiasi kwamba farasi wengine huuawa ili wasiendelee kuteseka.

Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwatundikia poni wazima dripu ya insulini, huku wakiwapa glukosi ili sukari ya damu isishuke. Ndani ya saa 72 poni wote watano waliopewa insulini walikuwa na laminaitisi, miguu yote minne. Tumbo halikuwa na shida, bakteria hawakuhusika. Insulini tu!

Sasa linganisha na farasi aliyevamia stoo ya nafaka akala mpaka akaugua. Huyo, seli nyeupe za damu humiminika kwenye lamela mapema, na utando unaozishikilia seli hubanduka. Kwa yule wa insulini picha ni nyingine: seli za lamela zinavutika na kurefuka, seli nyeupe ni chache. Inflamesheni ipo, sikatai, ila inaonekana kufuata nyuma ya tishu iliyokwisha kunyooka. Maelezo yanayojadiliwa sana ni kwamba insulini ikizidi mno huamsha vipokezi vya homoni ndugu yake, IGF-1, ambavyo lamela inavyo kwa wingi kuliko vya insulini yenyewe.

Kuna tofauti gani kwa mgonjwa? Kubwa. Fenilbutazoni itamtuliza maumivu, na anastahili kutulizwa, lakini haishushi insulini. Steroidi ndiyo hatari zaidi: ni mabingwa wa kuzima inflamesheni, kumbe zinaufanya mwili uwe mgumu kuisikia insulini, kongosho linamwaga nyingine zaidi. Yaani unazima moshi huku unaongeza kuni. Kwa farasi huyu anza na hori: ondoa nafaka, mtoe kwenye majani mabichi yenye sukari, mpe nyasi kavu zilizolowekwa na maji yake yakamwagwa. Halafu pima insulini tena.