Mkono Ushikao Orodha

Mwezi huu twataka kufundisha neno ambalo wengi hulikwepa kwa haya. Haya ni kitu chema, lakini iko haya imfichayo mkosaji na kumwacha aliyeonewa peke yake. Neno lenyewe ni hili: mtu ametumwa kuwasaidia wenye njaa, au wakimbizi, au wagonjwa, naye autumia msaada ule kuwapata wanawake na watoto.

Ninyi walimu mwaijua habari ya wana wa Eli. Walikuwa makuhani, na kila aliyeleta sadaka hakuwa na budi kupita mikononi mwao. Wakajitwalia nyama kwanza, kisha wakawatwaa na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Baba yao alisikia yote. Akawaonya kwa maneno, akawaacha kazini.

Mlango wa namna hiyo uko hata leo, maana kila penye msaada pana mtu ashikaye orodha. Yeye ndiye aandikaye majina, atoaye kadi, apimaye unga, achaguaye nani apewe kazi. Kwake yeye ni kalamu tu. Kwa mama mwenye watoto wanne ni chakula cha mwezi mzima.

Mwishoni mwa mwaka 2001 watumishi wa UNHCR, ndilo shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, pamoja na wa Save the Children ya Uingereza, walikwenda Guinea, Liberia na Sierra Leone kuuliza hali ya watoto waliokimbia vita. Watoto wenyewe wakawaeleza ya kwamba baadhi ya wagawaji wa posho, na baadhi ya askari wa kulinda amani, walidai miili ya wasichana kwa badala ya nafaka, sabuni, turubai au kadi ya posho. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 13 hata 18. Habari hizo zilipotoka Februari 2002, watu wengi walishtuka. Ndipo tarehe 9 Oktoba 2003 Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akatoa amri kwa watumishi wake wote. Imekatazwa kulala na mtoto chini ya miaka 18, hata kama sheria za nchi zaruhusu, na kusema "nilidhani ni mkubwa" si udhuru. Imekatazwa kutoa fedha, kazi au mali yo yote kwa ajili ya kulala na mtu. Naye mtumishi anayemshuku mwenziwe amepaswa kutoa habari.

Amri ni njema, lakini karatasi haina macho. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, nao ukaenea hata Ituri, huko Kongo. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Katika miaka hiyo miwili mashirika yaliajiri wapishi, wafagiaji, madereva na watu wa kwenda nyumba kwa nyumba. Na katika mji wa Beni, ambako vita vimewafukarisha watu kwa muda mrefu, kazi ile ilikuwa kama mvua baada ya kiangazi. Septemba 2020 wanawake 51 waliwaambia waandishi wa habari waliyotendwa. Shirika la Afya la Dunia likaweka tume chini ya wanawake wawili, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wa Kongo. Taarifa yao ya Septemba 2021 iliwataja watu 83 walioshukiwa, na 21 kati yao waliajiriwa na Shirika hilo lenyewe. Tume iliona pia ya kwamba kazi nyingi zilitolewa pasipo kutangazwa wazi. Yaani aliyetaka kazi ilimpasa kumwendea mtu, si ofisi. Watu wa Beni hununua na kuuza kwa Kiswahili kama sisi. Habari zao si za mbali nasi.

Twasikia neno moja likisemwa hata na wazee: "Mwanamke yule alikubali mwenyewe, hakushikwa kwa nguvu." Neno hili lataka kupimwa. Mtu akubalipo, sharti awe na njia ya kukataa. Mama yule akikataa, jina lake litarukwa katika orodha, na jioni watoto watamtazama usoni. Akikubali, atasemwa kijiji kizima. Njia zote mbili zimefungwa, na ufunguo u mkononi mwa mwenye kalamu. Kwa nini basi aulizwe yeye kwanza? Tena unga ule si mali ya mgawaji. Umetolewa bure na watu wasiomjua, na mama alikuwa na haki nao kabla ya kufika mbele ya meza.

Basi msaada ukifika kwenu, orodha isishikwe na mtu mmoja, wala asiandike nyumbani kwake usiku. Gaweni mchana, mahali pa wazi, na wanawake wawe kati ya wagawaji. Kabla ya kuanza, mmoja asimame atangaze kwa sauti ya kuwa posho hii haina malipo, na kila nyumba ipate kiasi gani, na mwenye lalamiko amwendee nani. Huyo asiwe mgawaji, wala ndugu yake.

Na mwanamke akija kukuambia, msikilize mpaka amalize. Usimsimamishe barazani mbele ya mtu yule, wala usimtajie mkeo jina lake. Akitaka, msindikize hospitali upesi, kabla ya siku tatu kupita, maana dawa za kumkinga na UKIMWI hazifai zikichelewa zaidi ya hapo. Shirika lililomtuma mgawaji liambiwe. Akiwa ni mtoto, polisi pia. Wazee wa pande mbili wakija na mbuzi wao kutaka yaishe nyumbani, warudishe na mbuzi wao.