Kabla hujanunua mafuta, jua kwa nini nywele zinanyonyoka

 

Leo naanza na ujumbe wa mama mmoja mwenye mtoto wa kwanza, wa miezi minne. Anasema akichana nywele, chanuo linajaa. Akiosha kichwa, tundu la maji bafuni linaziba. Na panjani ngozi imeanza kuonekana. Mama mkwe amemwambia aache kunyonyesha, eti mtoto ndiye anayemmaliza. Shoga yake amemuuzia chupa ya mafuta ya shilingi elfu arobaini. Anauliza: “Dada, niendelee na haya au nitafute mengine makali zaidi?”

Mdogo wangu, usitafute mengine. Na mtoto endelea kumnyonyesha. Hebu nikueleze kinachotokea kichwani kwako, moyo utulie.

Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000, na hazikui zote kwa mpigo. Zinakwenda kwa zamu. Katika kila nywele kumi, kama tisa hivi zinakua, na zamu hiyo ya kukua huchukua miaka. Zilizobaki zimepumzika kwa miezi mitatu hivi, kisha zinadondoka na nyingine zinaota palepale. Ndiyo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku si ugonjwa. Ulipokuwa mjamzito, homoni ya estrojeni ilipanda na kuzizuia nywele nyingi zisiende kupumzika. Ndizo zile nywele nzito ambazo watu walikusifia ukiwa na tumbo la miezi saba. Ulipojifungua, estrojeni ikashuka ghafla, na zote zilizokuwa zimechelewa zikaingia mapumzikoni kwa pamoja. Baada ya miezi 2 hadi 4 zinadondoka kwa pamoja vilevile. Wewe uko kwenye mwezi wa nne, yaani kileleni. Mama asiyenyonyesha naye zinamdondoka, kwa hiyo mtoto wako hana kosa lolote.

Kwa wanawake walio wengi hali hii hupungua yenyewe, na mtoto anapotimiza mwaka nywele zimejaa tena au zinakaribia. Tazama panjani na kwenye paji la uso: utaona vinywele vifupi vilivyosimama wima, vinavyokataa kulala hata ukivipaka mafuta. Wengi hudhani ni nywele zilizokatika. Kishike kimoja ukitazame kwenye mwanga. Kama ncha yake imechongoka, ni unywele mpya. Uliokatika una ncha butu au iliyopasuka.

Kwa huyu mama, basi, dawa kubwa ni muda, chakula na kusuka kwa ulegevu. Lakini wewe unayesoma usilichukue jibu lake ukalifanya lako. Nywele za wanawake watatu zinaweza kupungua kwa namna inayofanana machoni, kumbe mmoja zake zitarudi zenyewe, mwingine anahitaji dawa kwa miaka, na wa tatu akichelewa mwaka mmoja hazirudi tena. Hilo ndilo linaloniuma ninaposoma ujumbe wenu: mnatumia pesa na muda kwenye chupa kabla ya kujua ugonjwa wenyewe.

Anza kwa kuirudisha kalenda nyuma. Kama nywele zinadondoka kichwa kizima, jiulize nini kilikupata miezi miwili au mitatu iliyopita: homa kali, upasuaji, msiba mzito, kujinyima kula ili upungue haraka, kuacha vidonge vya uzazi wa mpango? Mwili hupata mshtuko leo, nywele zikadondoka baada ya miezi, ndiyo maana ni vigumu kuunganisha mambo haya mawili. Mshtuko ukishapita na sababu ikatibiwa, nywele hurudi.

Sasa tazama njia. Chukua chanuo lenye mkia, gawanya nywele katikati kuanzia paji la uso hadi utosini, na upige picha dirishani. Njia ikiwa pana kwa mbele na inasinyaa kuelekea nyuma, huku mstari wa mbele wa nywele ukiwa bado upo, yawezekana ni upungufu wa kurithi unaohusiana na homoni. Wanawake nao wana testosteroni kidogo. Ndani ya ngozi sehemu yake hubadilishwa kuwa homoni kali zaidi iitwayo DHT. Kwa mwenye kurithi wepesi huo, kijishimo kinachoota unywele husinyaa taratibu: kila zamu unywele unaoota ni mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Hapa hutaona mafungu ya nywele bafuni. Utaona tu kilemba kinalegea na ngozi ya kichwa inaungua na jua. Hali hii hujitokeza zaidi karibu na ukomo wa hedhi na baada yake, estrojeni inaposhuka, lakini inaweza kuanza hata kwenye miaka ya ishirini.

Na wewe ambaye njia inapanuka, hedhi inaruka miezi, chunusi haziishi, ndevu zinaota kidevuni, au shingo imekuwa nyeusi na laini kama mahameli, nenda ukapimwe. Inaweza kuwa ile hali ya vifuko vingi kwenye ovari ambayo hospitalini utasikia ikiitwa PCOS. Hiyo inagusa pia uwezo wa kushika mimba na hatari ya kisukari, kwa hiyo nywele hapo zimekupa taarifa muhimu kuliko nywele zenyewe.

Wapo pia ambao shida iko kwenye tezi ya thairoidi, ile ya mbele ya shingo. Ikizembea, utasikia baridi wakati wenzako wanajipepea, choo kinakuwa kigumu, unanenepa bila kula sana, na hata nyusi zinapungua upande wa nje. Ikizidisha kazi, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na unakonda. Tezi hii inaweza kuyumba ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, na mama akaambiwa ni uchovu wa kulea tu. Ukijiona hivyo, usikubali kurudishwa nyumbani bila kipimo.

Kuhusu uzazi wa mpango: baadhi ya vidonge, sindano na vijiti vina homoni ambayo kwa wanawake wachache hupunguza nywele. Kama ulianza njia mpya na nywele zikabadilika, mweleze mtoa huduma akubadilishie. Usiache ghafla ukabaki bila kinga, maana mimba usiyoipanga nayo itakuletea mdondoko mwingine baada ya kujifungua.

Hospitalini omba mambo haya: wingi wa damu, feritini ambayo ni akiba ya madini ya chuma, na TSH ya thairoidi. Kama hedhi haieleweki, daktari ataongeza vipimo vya homoni na labda ultrasaundi ya ovari. Feritini usiiache. Mwanamke mwenye hedhi nzito au uvimbe kwenye kizazi anaweza kuambiwa damu yake iko sawa, kumbe akiba imekauka. Na kama unameza vidonge vya biotini, vile vinavyouzwa kwa ajili ya nywele na kucha, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu, kwa sababu dozi kubwa inaweza kupotosha majibu ya thairoidi. Upungufu wa biotini wenyewe ni nadra, kwa hiyo wengi mnavinunua bila kuvihitaji.

Ikithibitika ni upungufu wa kurithi, dawa ya kupaka yenye ushahidi mkubwa ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa wakaota nywele, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ya kupaka kwa wanaume, kisha mwaka 1991 kwa wanawake. Ya asilimia 2 hupakwa mara mbili kwa siku, na ya povu ya asilimia 5 mara moja. Ipake kwenye ngozi kavu ya kichwa, njia kwa njia, halafu unawe mikono. Isichirizike usoni, itakuotesha nywele mashavuni. Kama nyumbani kuna paka, mweke mbali nayo, kwake ni sumu. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa. Vumilia: za zamani zinazipisha mpya. Hesabu miezi 4 hadi 6 kabla ya kuihukumu, na ujue kwamba ukiiacha, ulichopata kitapotea ndani ya miezi michache. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse bila ruhusa ya daktari.

Kuna pia vidonge kama spironolaktoni vinavyozuia nguvu ya homoni za kiume. Vinafaa kwa baadhi ya wanawake, hasa wenye PCOS, lakini vinaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo havitolewi bila kinga ya mimba. Finasteridi nayo ni hatari kwa mimba ya mtoto wa kiume. Vidonge hivi si vya kuazimana na shoga wala kununua mtandaoni.

Na mafuta? Ya nazi na ya mnyonyo yanalainisha nywele na kupunguza kukatika, hivyo yatumie kwa furaha. Lakini hayashushi DHT, hayarekebishi thairoidi, hayajazi feritini. Mafuta ya rozimari yaliwahi kulinganishwa na minoksidili ya asilimia 2 kwenye utafiti mdogo wa wanaume na matokeo yakakaribiana. Ni jambo la kutia moyo, ila utafiti huo bado haujawa msingi wa kumwahidi mwanamke kitu. Chupa isiyo na lebo wala tarehe, hata kama muuzaji ni shemeji yako, usiiweke kichwani.

Kwenye sahani yako kuwe na maini, dagaa, mayai, maharage, kunde na mboga za majani. Kula maharage na mchicha pamoja na chungwa au limau, ili mwili uchukue madini ya chuma vizuri, na chai isogeze saa moja au mbili mbali na mlo, maana inayazuia. Vidonge vya madini ya chuma meza kama kipimo kimeonyesha upungufu.

Tuongee na habari ya saluni, kwa sababu homoni husingiziwa mengi. Ukifumua rasta za wiki sita ukapata donge la nywele, usilie. Kwa nywele 50 tu kwa siku, wiki sita ni nywele 2,100 zilizoshindwa kudondoka kwa sababu zilikuwa zimesukiwa ndani. Kitu cha kuogopa ni msuko uliokubana mpaka ukameza dawa ya maumivu ndipo ukalala, na vipele vyeupe kwenye mashina asubuhi yake. Mwambie msusi alegeze ukiwa bado kwenye kiti, na akinuna, anune. Panja zilizovutwa miaka na miaka hufika mahali shina likafa. Kwa sasa tumia rasta nyepesi na fupi, pumzika wiki chache kati ya msuko na msuko, na gundi ya wigi isikae kwenye mstari wa nywele.

Ipo hali nyingine inayowapata zaidi wanawake weusi, na kila dada anapaswa kuijua. Huanzia utosini na kusambaa kama duara. Kwa wengine huwasha, huunguza au huuma ukigusa; kwa wengine haina dalili yoyote. Ngozi inabaki laini inayong'aa, bila vitundu vya nywele, kwa sababu kovu limeziba. Mafuta juu ya kovu ni sawa na mbegu juu ya sakafu ya saruji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wamerithi hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo usijilaumu kwamba ni dawa ya kunyoosha nywele peke yake. Daktari wa ngozi anaweza kukata kipande kidogo cha ngozi akakipima, na dawa zipo za kuizuia isisambae. Zinazuia tu; palipokwisha kuwa kovu nywele hazirudi. Kliniki za ngozi zipo Hospitali ya Muhimbili, na Hospitali ya KCMC Moshi ndipo kilipo kituo cha kikanda cha kufundishia madaktari wa ngozi. Omba rufaa ukiwa mbali.

Najua wengine mmeacha kwenda harusini, mmeacha kuvua kilemba hata mbele ya mume. Kulia kwa ajili ya nywele si ujinga wala si kukosa shukrani kwa uhai. Vaa wigi, vaa mtandio, nyoa kabisa ukipenda. Vyote ni sawa, ilimradi visikucheleweshe kutibiwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Piga picha ya njia, utosi na panja, mahali palepale na mwanga uleule, kila mwanzo wa mwezi. Nywele hurefuka kama sentimita moja kwa mwezi, na nywele zetu za kipilipili chini kidogo ya hapo, kwa hiyo kioo cha kila siku hakiwezi kukuonyesha kitu. Andika tarehe za hedhi. Mwenye mtoto mchanga asiye na dalili nyingine asubiri mpaka mtoto atimize mwaka. Mwenye njia inayopanuka apange kwenda kupimwa mwezi huu. Na wewe ambaye utosi unawasha, unaunguza au umeanza kung'aa, usisubiri picha ya pili. Nenda wiki hii.