Somo la Afya: Kurejesha Uwezo wa Kunusa Baada ya Maambukizi ya Virusi

Mafua makali au UVIKO-19 huweza kumwacha mgonjwa amepona homa na kikohozi, ilhali hasikii harufu yoyote. Mchuzi wa nazi humwia kama maji ya moto, kwa kuwa sehemu kubwa ya ladha ya chakula hutokana na harufu. Hali hii si deko. Ni jeraha, na lina zoezi la tiba linalofanyika nyumbani.

Chanzo chake

Juu kabisa ndani ya pua pana utando mdogo wenye seli za neva zinazopokea harufu na kuipeleka taarifa yake kwenye ubongo. Pua ikiziba tu, harufu hurudi inapozibuka. Virusi vikiujeruhi utando wenyewe, pua huwa wazi lakini harufu haisikiki. Seli hizo zina uwezo wa kuota upya, ingawa kazi hiyo huweza kuchukua miezi mingi.

Zoezi la kunusa

Mwaka 2009, Profesa Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti wa wagonjwa walionusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12: waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Waliofanya zoezi walipata nafuu kuliko wasiofanya. Utaratibu ni huu:

1. Andaa vyombo vinne vyenye vifuniko. Weka karafuu zilizopondwa, maganda ya limau, majani ya mkaratusi yaliyofikichwa, na waridi. Kikikosekana kimoja, tumia mdalasini au kahawa.
2. Nusa kila chombo taratibu kwa sekunde 20, huku ukiikumbuka harufu yake ilivyokuwa. Pumzika kidogo kabla ya kingine.
3. Rudia mara mbili kila siku kwa wiki 12 au zaidi. Badilisha viungo vinapopoteza nguvu.

Wengine, wakati wa kupona, husikia kahawa au kitunguu kikinuka kama kitu kilichoungua au kuoza. Mara nyingi hiyo ni dalili kwamba neva zinaota upya. Endelea na zoezi, na kula vyakula vilivyopoa, kwani hutoa harufu kidogo.

Tahadhari

Usitie mafuta wala dawa ya kienyeji ndani ya pua. Kujifukiza hakuponyi neva, na mvuke huunguza.

Asiyesikia harufu hawezi kutambua gesi ya kupikia inayovuja, moshi, wala chakula kilichochacha. Funga valvu ya mtungi kila umalizapo kupika, acha madirisha wazi, andika tarehe kwenye viporo, na mwombe mwenye pua nzima akunusie. Jambo hili lina uzito zaidi kwa wazee wanaoishi peke yao, majirani wawaangalie.

Wakati wa kumwona mtaalamu

Fika zahanati au kituo cha afya iwapo hali imezidi wiki mbili, ili upimwe na, ikibidi, upewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Usisubiri iwapo tatizo liko tundu moja tu la pua, pua inatoka damu, unaumwa kichwa sana, au lilianza baada ya kugongwa kichwani.