HATI YA KIAPO NA KUBADILI JINA

Wametujia katika darsa watu wa mji, vijana kwa wazee, kuuliza hukumu ya karatasi wanayoambiwa wakaiapie kila jina la kitambulisho linapokosana na lile la cheti cha kuzaliwa au cha skuli. Huyu ameandikwa Mohamed hapa na Muhammad kule. Yule jina la babu yake limeachwa. Mwengine ataka jina jipya kabisa. Wote huambiwa neno moja, "Nenda kaape", na wote huenda wakaapa, na wengi wao hawakuyasoma waliyoyaapia. Jambo hili twaliona ni zito kuliko lichukuliwavyo.

Yafaa kwanza ijulikane kuwa hati ya kiapo haibadili jina. Katika Kenya hati hii hufuata Sheria ya Viapo, Sura ya 15, na kazi yake ni kushuhudia jambo lilivyo: kwamba Mohamed wa cheti na Muhammad wa kitambulisho ni mtu mmoja. Ama mwenye kutaka kuliacha jina lake na kushika jengine, huyo huandikiwa hati nyengine mbali, ya kubadili jina, ikafuatana na tamko la mtu amjuaye, ikasajiliwa kwa msajili wa hati na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Aliyeapa tu akadhani kazi imekwisha, atarudishwa mlangoni siku atakapotaka pasipoti.

Wako wasemao, "Hiki ni kiapo cha serikali, si yamini, hata Msahafu hatukuushika." Maneno haya hayana msingi. Yamini hufungika kwa kutaja jina la Mwenyezi Mungu au sifa yake, si kwa kushika kitu mkononi. Na lau mtu ataliepuka tamko la kuapa, kwani sheria yamruhusu asiyetaka kuapa athibitishe bila ya kiapo, bado ametoa ushahidi, na ushahidi wa uwongo Mtume (S.A.W.) ameuhesabu pamoja na madhambi makubwa kabisa. Kuapa juu ya jambo lililopita, hali wajua kuwa si kweli, ndiko wanazuoni wakuitako yamini ghamusi, yaani yenye kumzamisha mwenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi kiapo hicho kina kafara pamoja na toba: kulisha maskini 10 au kuwavisha, na asiyeweza afunge siku 3. Na wako maimamu wengine waliosema kuwa dhambi yake ni kubwa mno hata kafara haiwezi kuifuta. Serikali nayo, katika Sheria ya Makosa ya Jinai, yamhesabu mwenye kuapa uwongo kuwa ni mkosa.

Hati yenyewe huandikwa kwa vifungu vyenye nambari: jina lako, makao yako na nambari ya kitambulisho, kisha kila jina na cheti linamopatikana, kisha sababu ya kukhitilafiana, na nakala za vyeti hufungwa pamoja nayo zikatiwa alama na muhuri. Mwisho huja maneno ambayo watu huyapita mbio: kwamba yaliyosemwa ni kweli kwa ujuzi, khabari na itikadi ya mwenye kuapa. Hapa ndipo penye fiqhi ya hati nzima. Ujuzi ni lile uliloliona au ulilolifanya mwenyewe. Khabari ni lile uliloambiwa, na khabari haina budi kutajiwa mwenyewe, kama wanazuoni wa Hadithi wanavyotaka isnadi. Hapana mtu aliyejiona akizaliwa, basi asiape kana kwamba siku ile aijua, bali aandike, "Nimeambiwa na mama yangu, nami nasadiki." Karani wa mashine atakwambia kuwa maneno haya yarefusha karatasi. Mwache irefuke.

Twaja sasa kwenye jambo linalotutia khofu zaidi. Mtu kubadili jina lake mwenyewe hapana ubaya. Mtume (S.A.W.) alimbadilisha mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akamwita Jamila; na Barra akamwita Zaynab. (Na akina Asiya wetu wasifanye haraka ya kwenda kwa wakili. Jina la mke wa Firauni ni kwa alif na sin. Lililobadilishwa ni kwa ain na sad. Ni hizi herufi za Kizungu zilizoyafanya moja.) Lisiloguswa ni jina la baba. Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrishwa watu waitwe kwa baba zao, na Zayd aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad akarudishiwa nasaba yake, Zayd bin Haritha, juu ya mapenzi yote aliyokuwa nayo Mtume kwake. Basi kijana aliyelelewa na mjomba wake, akaandikishwa skuli kwa jina la mjomba, haifai aape kuwa huyo ndiye babake ili vyeti vilingane. Na aape kama mambo yalivyo: kwamba mjomba ni mlezi, na baba ni fulani, kisha vyeti ndivyo visahihishwe. Akifanya vyengine, siku mjomba akifa karatasi ile itamtia katika urithi usio wake na kuwapunguzia watoto wa marehemu. Na mabinti wa mjomba, ambao ni halali yake kuwaoa, wameshaandikwa dada zake. Kafara hairudishi mali ya watu. Kadhalika mke: hapana sheria ya Kenya imlazimishayo kuliacha jina la babake akashika la mumewe, na mume huacha, baba haachi.

Baki ni kutia sahihi. Hati haitiwi sahihi nyumbani, ila mbele ya kamishna wa viapo, na mahali na tarehe viandikwe. Karatasi iliyogongwa muhuri kabla mwenyewe hajafika si hati ya kiapo, hata ikiwa na mihuri mitatu. Asiyejua lugha ya hati asomewe na kufasiriwa kabla ya kutia sahihi au kidole, na iandikwe chini kuwa amesomewa akafahamu. Twasema haya khasa kwa ajili ya mama zetu wazee, ambao mara nyingi huletwa kuapia majina ya watoto wao. Aliyemleta asimwambie, "Tia kidole hapa, mama, ni karatasi tu."