Kikorea Hatua ya Pili: Sababu, Masharti, Nusura na Heshima

Somo hili ni la mkaazi ambaye tayari anasoma herufi za Hangul, anajua kusema naenda, nilienda na nitaenda kwa Kikorea, na sasa amekwama. Wengi hukwama hapo hapo. Msamiati unaongezeka kila wiki, simu imejaa video za masomo, lakini sentensi bado ni fupi kama za mtoto. Kinachokosekana ni viambishi vya kuunganisha wazo moja na jingine.

Kwa kijana wa Meru au Embu anayetafuta ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea Kusini, unaoitwa Global Korea Scholarship, hatua hii ndiyo mlango. Mpango huo humpa mwanafunzi mwaka mmoja wa kujifunza lugha, na kwa kawaida hawezi kuanza shahada yake kabla ya kufikia kiwango cha 3 cha mtihani wa TOPIK. Kiwango hicho hupimwa kwa TOPIK II, mtihani wa alama 300, na chahitaji alama 120. Viwango vya 1 na 2 hupimwa kwa TOPIK I.

Tuanze na jambo la kutia moyo. Kwa mwenye Kiswahili, Kimeru au Kiembu, Kikorea kina tabia tunayoijua: neno moja hubeba sentensi. Sisi twasema "nikifika", na ndani yake mna mtendaji (ni-), sharti (-ki-) na tendo lenyewe. Mkorea naye hupachika, ila hupachika mwishoni. Shina la kufika ni 도착하 (dochakha), sharti ni 면 (myeon), na jumla yake ni 도착하면 (dochakhamyeon). Mtendaji hayumo. Neno hilo laweza kuwa nikifika, ukifika au wakifika, na muktadha ndio utakaoamua. Anayetafsiri neno kwa neno huitafuta "ni" yake asiione, akadhani sentensi ina upungufu.

(Matamshi ya herufi za Kilatini tuliyoweka hapa ni mkongojo tu. "Eo" ni o ya mdomo wazi, na "eu" ni u inayotamkwa bila kuviringa midomo. Hangul ina herufi 24 za msingi. Ukizijua, achana na mkongojo.)

Sasa tuingie kwenye sababu, maana hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kwa Kiswahili "kwa sababu" inatosha karibu kila mahali. Kikorea kina njia mbili za kila siku, nazo hazibadilishani ovyo. Chukua siku ya mvua kwenye mteremko wa daraja la Nithi. Ukieleza hali ilivyo, utasema:

비가 와서 길이 미끄러워요 (biga waseo giri mikkeureowoyo): mvua imenyesha, kwa hivyo barabara inateleza.

Lakini ukimwonya dereva, kiambishi hubadilika:

비가 오니까 천천히 가세요 (biga onikka cheoncheonhi gaseyo): kwa kuwa mvua inanyesha, nenda polepole.

Kanuni ni hii: baada ya -아서/-어서 (aseo/eoseo) huwezi kuweka amri wala pendekezo. Ukitaka kusema fanya, usifanye au tufanye, tumia -(으)니까 (nikka). Tena aseo haibebi alama ya wakati uliopita. Wakati huonekana kwenye kitenzi cha mwisho pekee. Nikka huibeba bila shida: 왔으니까 (wasseunikka), kwa kuwa ilinyesha.

Kuna jambo la tatu ambalo vitabu vingi hulipitia haraka, nalo lina uzito kuliko alama za mtihani. Unapoomba radhi au kushukuru, tumia aseo. 늦어서 죄송합니다 (neujeoseo joesonghamnida) ni samahani kwa kuchelewa. Ukiweka nikka hapo, sababu yako inasikika kama hoja ya kujitetea, na msamaha unageuka ubishi. Hebu fikiria mtu aliyefika kwenye mahojiano dakika kumi baada ya saa, kisha akafungua mdomo kwa nikka.

Karibu na hapo pana mtego mwingine. Baada ya nomino, sababu ya kawaida ni 때문에 (ttaemune), lakini mtu aliyekufaa hutajwa kwa 덕분에 (deokbune). Mwambie mwalimu 선생님 덕분에 (seonsaengnim deokbune), yaani umefaulu kwa msaada wake. Ukisema 선생님 때문에, utakuwa kama unayemlaumu.

Masharti ni mepesi zaidi kwetu, kwa sababu Kiswahili kimeshatufundisha tofauti ya -ki-, -nge- na -ngali-. Myeon peke yake hufanya kazi ya -ki-: 시간이 있으면 오세요 (sigani isseumyeon oseyo), ukiwa na nafasi uje. Kwa jambo lililokwisha kupita bila kutimia, Kikorea hutumia -았/었더라면 (atdeoramyeon/eotdeoramyeon), na sentensi hufungwa kwa -을 텐데 (eul tende):

일찍 출발했더라면 버스를 탔을 텐데 (iljjik chulbalhaetdeoramyeon beoseureul tasseul tende): ningaliondoka mapema ningalipata basi.

Nusura nayo ina mwenzake kamili: -(으)ㄹ 뻔했다 (l ppeonhaetda). 넘어질 뻔했어요 (neomeojil ppeonhaesseoyo) ni nusura nianguke. Hutumika kwa wakati uliopita tu. Kwenye kiwanda au shambani, tofauti ya 다칠 뻔했어요 (dachil ppeonhaesseoyo), nusura niumie, na 다쳤어요 (dachyeosseoyo), nimeumia, ndiyo itakayoamua kama utapelekwa hospitali au utarudishwa kwenye mashine.

Kiambishi kinachomfanya mgeni asikike kama mwenyeji ni -는데 (neunde). Hutandika mkeka kabla ya neno lenyewe kuketi. 내일이 장날인데 일찍 갈까요? (naeiri jangnarinde iljjik galkkayo): kesho ni siku ya soko, je, twende mapema? (Naam, Wakorea nao wana siku za soko; masoko mengi ya kale huko hufanyika kila baada ya siku tano.) Wakati mwingine maana yake hukaribia "lakini": 약을 먹었는데 아직 아파요 (yageul meogeonneunde ajik apayo), nimemeza dawa lakini bado naumwa. Na mara nyingi sentensi huachwa ikining'inia. Ukialikwa ukajibu 오늘은 좀 바쁜데요 (oneureun jom bappeundeyo), leo nina shughuli kidogo, umekwisha kukataa bila kutamka hapana. Asiyekijua kiambishi hiki hubaki akingoja jibu ambalo tayari amepewa.

Mwisho ni heshima. Kwa mtu mzima, kitenzi hupachikwa -시- (si): 할머니가 오셨어요 (halmeoniga osyeosseoyo), nyanya amekuja. Vitenzi vingine hubadilika kabisa. Kula ni 먹다 (meokda), lakini mzee 드시다 (deusida). Kulala ni 자다 (jada), lakini mzee 주무시다 (jumusida). Usijipachike -si- wewe mwenyewe hata kidogo. Katika kuitana hatutapotea: kama hapa tunavyosema Mama Kendi au Baba Mutwiri badala ya kumtaja mzazi kwa jina lake, Wakorea husema 민수 엄마 (Minsu eomma), Mama Minsu.

Kabla ya mazoezi, neno kuhusu pesa. TOPIK ni mtihani wa lugha kwa jumla. EPS-TOPIK ni mtihani mwingine, wa mpango wa ajira uliozinduliwa na Korea Kusini mwaka 2004 na unaoendeshwa kati ya serikali na serikali, kwa nchi zilizotia saini makubaliano. Wakala binafsi anayekuuzia nafasi ndani ya mpango huo hana cha kuuza. Kwa kazi nyingine za ng'ambo, hakikisha kwanza kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Cheti cha darasa la lugha si viza, wala si barua ya kazi.

Mazoezi. Andika kwa Hangul, kisha ulinganishe na majibu.

1. Kwa kuwa kuna baridi, vaa koti.
2. Nusura nichelewe.
3. Nyanya amelala.
4. Samahani kwa kuwa sikupiga simu.

Majibu: 1. 추우니까 코트를 입으세요. 2. 늦을 뻔했어요. 3. 할머니가 주무세요. 4. 전화를 못 해서 죄송합니다. Ikiwa katika namba 1 uliandika 추워서, rudi kwenye daraja la Nithi.