Somo la Usalama: Breki Hazina Msamaha



Wengi wetu huenda kazini na kurudi nyuma ya lori au ndani ya chapa, katika barabara ya Macomia, Awasse, Mocímboa da Praia na Palma. Kwa hiyo mwendo wa gari si shauri la dereva peke yake. Ni jambo la usalama wa kazi.

Mijini na vijijini, kikomo cha sheria ya Msumbiji kwa gari dogo ni kilomita 60 kwa saa. Lakini wapo madereva wasemao: "Hata 70 polisi hawakamati, kuna kilomita za msamaha." Tuelewe maana ya msamaha huo. Hakuna mashine ya kupimia mwendo iliyo sahihi kabisa. Ndiyo sababu nchi nyingi hupunguza kilomita chache kabla ya kumtoza mtu faini, asije akaonewa kwa kosa la mashine. Msamaha ni wa chombo, si ruhusa ya kukimbia.

Tufanye hesabu. Gari la 60 hukata mita 17 hivi kila sekunde. Mtoto akikatiza njia, kiasi cha sekunde moja hupotea kabla mguu haujakanyaga breki. Kisha, barabara ikiwa kavu na breki nzima, gari dogo huhitaji kama mita 20 zaidi. Jumla ni mita 37. Sasa tuchukue gari la 70. Pale lile la kwanza lilipokwisha kusimama, hili bado lina mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa. Zile kumi tulizoziita kidogo zimekuwa 40 zinazomgonga mtoto. Na lori lililojaa watu au magunia huchelewa zaidi kusimama.

Pia tuache nafasi mbele yetu. Gari la mbele likipita mkorosho au nguzo, dereva ahesabu: "mia na moja, mia na mbili." Akifika pale kabla ya kumaliza, yuko karibu mno. Sekunde mbili kwa mwendo wa 60 ni mita 33. Kwa 80 ni mita 44. Wakati wa mvua, vumbi au mzigo mzito, ahesabu nne. Kumwandama mwenzako ndani ya vumbi ili uone taa zake ni hatari kubwa.

Lakini tusimlaumu dereva tu. Anayelipwa kwa idadi ya safari, au anayetishwa kwa kuchelewa, amekwisha kusukumwa kukimbia. Basi kila kamati ya wafanyakazi idai:

1. Ratiba inayowezekana bila kuvunja kikomo.
2. Dereva alipwe kwa siku, si kwa safari.
3. Breki na matairi vikaguliwe kabla ya watu kupanda.

Na sisi abiria tusipige kelele "kanyaga mafuta!" Watu husema ajali haina kinga. Hii kinga yake ipo: ni nafasi na mwendo wa kiasi.