Somo: Kushona Mfarishi wa Mtoto kwa Kitambaa chenye Picha za Mbwa



Vikundi vingi vya akina mama huku kwetu vina cherehani moja au mbili, na vinajua kushona sare za shule. Lakini sare zina msimu wake. Januari kazi ni nyingi, kufika Juni cherehani imefunikwa shuka inangoja. Katika toleo hili tunajifunza kazi ya kujaza miezi hiyo: kushona mfarishi wa mtoto.

Mfarishi ni blanketi la tabaka tatu. Juu kuna viraka vilivyoungwa kwa mpango, katikati kuna kitu cha kuleta joto, na chini kuna kitambaa kizima. Kwa baridi ya Nyamache, hasa usiku wa Julai, hakuna haja ya kumweleza mtu faida yake.

Kwa nini picha za mbwa?

Ukipekua mitumba sokoni utakuta shuka na pajama za watoto zenye picha za mbwa, paka, dubu na magari. Tangu miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na viwanda kama Kikomi cha Kisumu vikafungwa, mitumba ndiyo duka letu kubwa la vitambaa. Mara nyingi pajama imechanika goti lakini mgongo bado ni mzima. Mwenye kuvaa hataitaka. Mwenye kushona viraka anaitaka sana.

Picha ya mbwa ina faida nyingine. Mtoto wa Kisii anamjua mbwa, esese, tangu anapotambaa. Ndiye mlinzi wa boma, na ndiye anayemsindikiza hadi mtoni. Mtoto akiona picha yake kwenye blanketi atalishika na kusema, "Hili ni langu." Kitambaa cha picha kinanunuliwa kwa jicho la mtoto na mfuko wa mzazi.

Lakini mjue mteja wenu. Kwa lugha zetu nyingi kumwita mtu mbwa ni tusi. Ukimpelekea mzee zawadi yenye mbwa bila maelezo, anaweza kukuuliza, "Kwani mnaniita nani?" Mzee mshonee ng'ombe au maua. Vilevile wateja Waislamu wengi hawatapenda picha ya mbwa karibu na mahali pa kusali. Wao watengenezeeni maumbo na maua. Hii ni heshima, na tena ni biashara nzuri.

Vifaa

Mfarishi wetu utakuwa na upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 120. Unamfaa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Mtoto mchanga asifunikwe kitu kizito, kwa maana hawezi kukiondoa usoni. Tayarisheni:

– Kitambaa cha picha za mbwa, sentimita 70, kikiwa na upana wa sentimita 110. Kama picha ziko mbalimbali na mnataka kila mbwa akae katikati ya kiraka, tafuteni mara mbili ya hapo.
– Kitambaa cha rangi moja, mita 1. Sentimita 70 ni za viraka, na 30 ni za ukingo.
– Kitambaa cha chini, mita 1 na sentimita 30.
– Blanketi kuukuu lililo safi, la kuweka katikati.
– Uzi, pini, mkasi, tepu, chaki, pasi, na kipande cha katoni ngumu.

Kwanza jaribuni vitambaa. Choma nyuzi chache kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu. Hizo hazipendi pasi ya moto, basi msizichanganye na pamba. Kisha fueni kila kitambaa peke yake kabla ya kukata. Kinachotoa rangi fueni tena mpaka maji yawe meupe. Kitambaa cha kuruka ni afadhali kiruke kwenye mkono wenu. Kikiruka nyumbani kwa mteja, mmempoteza.

Kukata

Kateni katoni iwe mraba wa sentimita 17 kila upande. Hicho ndicho kipimo chenu, na kila mtu atumie hichohicho. Mkiwa na katoni nne zilizokatwa na watu wanne, mtakuwa na mifarishi minne ndani ya mmoja, na pembe hazitakutana kamwe.

Chora kwa chaki, kata. Mnahitaji viraka 48: vya mbwa 24, vya rangi moja 24. Angalieni sana hapa: picha ina juu na chini. Maua hayana shida, lakini mbwa anayesimama kwa kichwa anachekesha wanunuzi. Wekeni alama ndogo ya chaki upande wa juu wa kila kiraka cha mbwa.

Kushona, hatua kwa hatua

1. Pangeni viraka vyote juu ya mkeka, mistari 8, kila mstari viraka 6. Mbwa, rangi, mbwa, rangi. Mstari unaofuata uanze na rangi, kama ubao wa kucheza drafti. Vichwa vyote vielekee upande wa mto wa kulalia. Simameni mbali kidogo mtazame kabla ya kuanza.

2. Ungeni viraka vya mstari mmoja. Mshono uwe sentimita 1 kutoka ukingoni, si zaidi, si pungufu. Kiraka cha sentimita 17 kitabaki 15, na mara 6 ni 90. Makosa ya nusu sentimita kwa kila mshono ndiyo yanayoharibu kazi.

3. Pigeni pasi. Mishono ya mstari wa kwanza ilale kushoto, ya mstari wa pili ilale kulia, na kuendelea hivyo. Mkija kuunga mistari, mishono itakaana vizuri bila kuvimba.

4. Ungeni mistari yote 8. Pigeni pasi tena.

5. Tandazeni kitambaa cha chini, uso ukiangalia sakafu. Juu yake wekeni blanketi, halafu viraka, uso ukiangalia juu. Kitambaa cha chini na blanketi vizidi sentimita 5 kila upande.

6. Pigeni bandi kwa mishono mirefu, mkianzia katikati kwenda pembeni. Mkianzia pembeni, mikunjo yote itakimbilia katikati na haitatoka.

7. Shoneni tabaka zote tatu pamoja, kwa mkono au kwa cherehani, mkifuata mistari ya viraka. Hapa wanachama wanne wanaweza kukaa kuzunguka kazi moja na mazungumzo yakaendelea.

8. Toeni bandi, punguzeni kilichozidi pembeni, mshone ukingo. Kateni vipande 5 vyenye upana wa sentimita 6, mviunge kuwa mkanda mmoja, mzungushe.

Mkitaka mbwa wenu wenyewe

Kikundi kikikosa kitambaa cha picha, chora mbwa kwenye karatasi, umkate kwa kitambaa cheusi au cha kahawia, umbandike juu ya kiraka cha rangi moja, ukunje kingo ndani na kushona kwa mishono midogo. Macho yashonwe kwa uzi. Msitumie vifungo, kwa maana mtoto huving'oa na kuvimeza. Tena msinakili katuni za televisheni. Zina wenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mchoreni Simba au Tomi wa boma lenu, mwenye sikio moja lililolala. Huyo hana mwenyewe isipokuwa nyinyi.

Kazi ya namna hii, ya kushona picha juu ya kitambaa, si ndogo. Huko Georgia, Marekani, alikuwako mama aitwaye Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye visa vya Biblia, na mwaka 1886 ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya pamba. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akataka kuununua, mama akakataa. Miaka michache baadaye, karibu 1891, shida ikamfika. Akaomba dola 10. Mwalimu akasema ana dola 5 tu, na mama akakubali. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa la Smithsonian. Mwingine alioushona baadaye, wenye nguruwe aitwaye Betts miongoni mwa picha zake, uko katika jumba la sanaa la Boston.

Tunajifunza mawili kwake. La kwanza, alimweleza mnunuzi maana ya kila picha, na maelezo hayo yalifanya kazi yake ithaminiwe. La pili ni chungu: mwenye shida hupokea nusu ya bei.

Kupiga hesabu

Hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Tutoe mfano, nanyi wekeni bei za soko lenu.

Kitambaa cha picha: sh. 150
Kitambaa cha rangi moja: sh. 200
Kitambaa cha chini: sh. 260
Blanketi kuukuu: sh. 200
Uzi, sindano na makaa: sh. 90
Jumla ya vifaa: sh. 900
Kazi, saa 14 kwa sh. 50: sh. 700
Akiba ya cherehani na kikundi: sh. 100
Jumla: sh. 1,700

Sasa mteja anakuja na sh. 1,000. Mweka hazina anafurahi, "Tumepata faida ya mia!" Hapana, mama. Hiyo mia ndiyo malipo ya saa 14, yaani shilingi 7 hivi kwa saa, na cherehani haijapata hata mafuta. Hakuna mchuma chai ambaye angekubali.

Mteja naye atasema dukani kuna blanketi la bei rahisi. Ni kweli, na msishindane nalo kwa bei. Uzeni kile kiwanda hakiwezi: jina la mtoto kwenye pembe, mbwa wa boma lake, na karatasi ndogo inayoeleza nani alishona na kwa nini. Amani ya Juu, mradi ulioanzishwa Nairobi mwaka 1996 na wanawake wakimbizi, umeuza mifarishi na kazi nyingine za mkono pamoja na habari za wanaozishona.

Kama bei hiyo haitoki kijijini, kuna njia tatu. Punguzeni vifaa kwa kuomba mabaki kwa mafundi. Shoneni vitu vidogo vya haraka, kama vile bibu, mifuko ya vitabu na vishikio vya sufuria, kutokana na viraka vilivyobaki. Na pelekeni mifarishi sokoni bonasi ya chai inapotoka, karibu na mwezi wa 10. Mkiuza Januari, wakati wa karo, mtakutana na shida ya mnunuzi na shida yenu pamoja.

Mwisho, andikeni kila saa na kila shilingi katika daftari. Tena kikundi kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo itawaelekeza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa kazi tuliyouza mara ya mwisho, kila mwanachama alilipwa shilingi ngapi kwa saa?
2. Ni fundi gani hapa sokoni anatupa mabaki ya vitambaa?
3. Ni nani kati yetu anajua kuchora mbwa?
4. Mwanachama akiwa na shida ya ghafla, kikundi kitamkopesha vipi ili asiuze kazi yake kwa nusu ya bei?

Swali la nne msiliache likalala. Kikao kijacho, kabla hamjakata kiraka cha kwanza, tengeni mfuko mdogo wa dharura, hata kama ni sh. 20 kwa kila mtu.